Barua za Homa ya Manjano: Yaliyobaki Nje ya Ripoti za Kitabibu

Tarehe 7 Septemba 1900 Meja Walter Reed, daktari wa Jeshi la Marekani, alikuwa Washington alipopata habari kutoka Kuba kwamba mwenzake, Dkt. James Carroll, aliyekuwa mahututi kwa homa ya manjano, sasa ana dalili za kupona. Alimwandikia siku hiyo hiyo barua ya shangwe na ya kumshukuru Mungu, kisha akaongeza swali moja fupi: je, ni mbu aliyefanya hivyo? Siku kumi na moja kabla ya barua hiyo, tarehe 27 Agosti, Carroll alikuwa amekubali kuumwa na mbu aliyefugwa maabara na kulishwa damu ya wagonjwa. Reed alijua hivyo, na ndiyo maana furaha ya rafiki na hamu ya mtafiti vimekaa kwenye karatasi moja.

Swali hilo halimo katika ripoti ya awali ambayo Reed aliisoma mbele ya wataalamu wa afya mjini Indianapolis tarehe 23 Oktoba mwaka huo. Humo Carroll ni mgonjwa mwenye vipimo vya joto la mwili, na askari William Dean, aliyeumwa na mbu siku chache baada yake, ametajwa kwa herufi mbili tu, XY. Ripoti ya kitabibu haina budi kuandikwa hivyo, kwa sababu kazi yake ni kutoa matokeo ambayo mtu mwingine anaweza kuyapima. Anayetaka kujua utafiti ulivyofanyika hasa, nani alisita, nani aliingia hatarini na nani alitajwa baadaye kuliko wengine, hana budi kurudi kwenye barua. Sisi tunaofanya kazi ya kutunza nyaraka tunaziita barua hizi ushahidi, na tunazitunza kwa uangalifu ule ule tunaotunzia hati za serikali.

Kwa ufupi, homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, hasa yule wa majumbani aitwaye Aedes aegypti, na jina lake limetokana na manjano ya macho na ngozi ambayo hutokea ini linaposhambuliwa. Katika karne ya 19 madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huu huenezwa na nguo, matandiko na matapishi ya wagonjwa. Daktari wa Havana, Carlos Finlay, alikuwa ametangaza mwaka 1881 kwamba mwenezaji ni mbu, akapuuzwa kwa takriban miaka ishirini, kwa kuwa majaribio yake hayakutoa matokeo ya kuaminika. Tatizo lilikuwa muda. Mbu akishamnyonya mgonjwa damu hawezi kumwambukiza mtu mwingine mpaka zipite siku kadhaa, kwa kawaida takriban 12 katika mazingira ya Kuba. Daktari mwingine wa Marekani, Henry Rose Carter, alikuwa ameona mwaka 1898, katika vijiji viwili vya Mississippi, kwamba kati ya mgonjwa wa kwanza kuingia katika nyumba na wagonjwa wanaomfuata hupita majuma mawili au zaidi. Tume ya Jeshi la Marekani, yaani Reed, Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte, iliunganisha mawazo hayo mawili kwa kutumia mayai ya mbu waliyopewa na Finlay mwenyewe.

Barua za kazi hiyo zimetufikia kwa juhudi za mtu ambaye hakuwa na uhusiano wowote na homa ya manjano. Philip Hench alikuwa daktari wa magonjwa ya viungo katika Mayo Clinic, Minnesota, na mwaka 1950 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kotizoni, homoni inayotuliza uvimbe wa viungo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 mpaka alipofariki mwaka 1965, alitumia muda wake wa ziada kuwaandikia watu waliokuwako Kuba, wajane wao, watoto wao na maofisa wa jeshi, akiomba barua, picha, ramani na kumbukumbu. Alipoanza, wajumbe wote wanne wa tume walikuwa wameshafariki: Lazear mwaka 1900, Reed mwaka 1902, Carroll mwaka 1907 na Agramonte mwaka 1931. Waliobaki ni baadhi ya waliojitolea kuambukizwa, kama John Moran na John Kissinger, ambao sasa walikuwa wazee. Mkusanyiko wa Hench ulikabidhiwa Chuo Kikuu cha Virginia, ambako Reed alihitimu udaktari mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 17, na sehemu kubwa ya karatasi hizo leo inasomeka katika intaneti bila malipo.

Kwa hiyo ndani ya mkusanyiko huo zimo barua za aina mbili, na msomaji asipozitenganisha atapotea. Ziko barua za mwaka 1900 na 1901, zilizoandikwa wakati mwandishi hajui kesho itatokea nini. Ziko pia barua ambazo watu wale wale, au jamaa zao, walimwandikia Hench miaka arobaini baadaye, wakati Reed ameshakuwa shujaa wa taifa na hospitali kuu ya jeshi mjini Washington ina jina lake. Mzee anayekumbuka baada ya miaka arobaini hasemi uongo, lakini kumbukumbu yake imeshapita katika magazeti, hotuba za sherehe na masimulizi ya wenzake. Hench alilielewa jambo hili mapema. Aliuliza swali moja kwa watu kadhaa, akalinganisha majibu, na walipotofautiana akatafuta ramani au hati ya siku ya tukio. Kwa njia hiyo aliweza kubaini mahali palipokuwa Kambi ya Lazear, kambi ya majaribio ya tume, karibu na Quemados nje ya Havana, baada ya watu kutokubaliana kwa miaka mingi, na akakuta kibanda kimoja cha majaribio bado kimesimama.

Kibanda hicho ndicho kilichoitwa Jengo Namba 1. Kuanzia tarehe 30 Novemba 1900 Dkt. Robert Cooke na askari wawili walilala humo usiku 20 mfululizo, katika joto la makusudi, juu ya matandiko yaliyochafuliwa na wagonjwa wa homa ya manjano, na hakuna aliyeugua. Jengo Namba 2 lilikuwa safi, limegawanywa kwa wavu wa waya, na upande mmoja wake walifunguliwa mbu walioambukizwa. Moran aliingia upande huo tarehe 21 Desemba na akaugua siku ya Krismasi, ilhali waliokaa upande wa pili wa wavu hawakupata chochote. Majengo hayo mawili ndiyo yaliyomaliza ubishi kuhusu nguo na matandiko, na mwaka uliofuata kampeni ya kuangamiza mbu ikaiondoa homa ya manjano mjini Havana.

Kati ya barua zote za mkusanyiko huo, ninayoiona kuwa nzito zaidi ni ya Jesse Lazear kwa mkewe Mabel, ya tarehe 8 Septemba 1900. Anamwambia kwamba anadhani yuko kwenye njia ya kukigundua kiini halisi cha ugonjwa, na kwamba jambo hilo lisizungumzwe kwa sasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Siku kumi baadaye alianza kujisikia vibaya, na tarehe 25 Septemba akafariki. Maelezo rasmi yalisema kwamba mbu alitua mkononi mwake akiwa wodini naye akamwacha amalize kunyonya, lakini watafiti wengi wanaamini kwamba alijiambukiza kwa makusudi kama sehemu ya jaribio. Ambacho kingeweza kujibu suala hilo ni daftari lake dogo la mfukoni, ambalo Reed alilitumia alipoandika ripoti yake ya kwanza. Daftari hilo lilipotea baada ya kifo cha Reed, na Hench hakufanikiwa kulipata licha ya kuliulizia kila mahali.

Reed naye alikuwa mwandishi hodari wa barua. Mwezi Desemba 1900 alimwandikia mkewe Emilie kumwarifu kwamba wamefaulu kusababisha homa ya manjano isiyo na shaka kwa kuumwa na mbu, na usiku wa tarehe 31 Desemba, zikiwa zimebaki dakika kumi karne iishe, alimwandikia tena kwamba ameruhusiwa, yeye na wasaidizi wake, kuinua pazia lililoficha chanzo cha ugonjwa huo. Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi kwa uzuri wake. Ninaomba msomaji aitazame pia kwa jicho la uadilifu, kwa kuwa Carroll, Agramonte na marehemu Lazear waliteuliwa kuwa wajumbe wa tume, si wasaidizi wake, na mjadala wa nani apewe sifa, pamoja na dai la haki la Wakuba juu ya Finlay, ulianzia katika maneno ya namna hiyo.

Pamoja na barua za madaktari umehifadhiwa mkataba wa Antonio Benigno, Mhispania aliyehamia Kuba, wa tarehe 26 Novemba 1900. Unasema kwamba amezidi umri wa miaka 25, anakubali kwa hiari yake kufanyiwa majaribio, anaelewa kwamba anahatarisha maisha yake, lakini kwa kuwa haiwezekani kukwepa maambukizo katika kisiwa hicho anachagua kuambukizwa mahali ambapo atatunzwa vizuri. Malipo yalikuwa dola 100 za dhahabu, na dola 100 nyingine akiugua. Hii ni miongoni mwa hati za mwanzo kabisa za ridhaa ya maandishi katika utafiti wa tiba, na kila anayetia sahihi fomu ya ridhaa hospitalini leo anafuata njia iliyopita hapo. Hata hivyo, Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya mwaka 1929 ya kuwaenzi Reed na wenzake kwa medali ya dhahabu na malipo ya kila mwezi, Wahispania waliojitolea kama Benigno hawakuwemo katika orodha.

Kimya cha namna hiyo kinatuhusu moja kwa moja tunapofika Afrika. Mwaka 1927 watafiti wa Mfuko wa Rockefeller walichukua damu ya Mwafrika mmoja wa Ghana ya leo, aitwaye Asibi, aliyeugua homa ya manjano na kupona. Kutokana na virusi vilivyotolewa katika damu hiyo Max Theiler na wenzake walitengeneza chanjo ya 17D mwaka 1937, na chanjo yote ya homa ya manjano inayotumika leo, ikiwemo ile wanayochomwa wasafiri wetu kabla ya kupewa cheti cha manjano, ina asili hiyo. Adrian Stokes, mmoja wa watafiti walioshughulikia damu ya Asibi, alifariki kwa ugonjwa huo huo Lagos mwaka 1927, na Hideyo Noguchi, mtafiti mwingine wa homa ya manjano, alifariki Accra mwaka 1928. Kumbukumbu zao zimejaa katika hifadhi. Asibi amebaki jina la aina ya virusi.

Entebbe nako ilianzishwa mwaka 1936, kwa fedha za Rockefeller, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Huko ndiko watafiti walikoonyesha jinsi virusi vinavyozunguka baina ya nyani na mbu wa juu ya miti, kisha vinavyoshuka katika migomba ya Bwamba, magharibi mwa Uganda, pale nyani wanapokuja kula ndizi na kuumwa na mbu anayezaliana katika maji ya makutano ya majani. Kazi hiyo hiyo ilifichua virusi vya West Nile mwaka 1937 na vya Zika mwaka 1947. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya wakuu wa kazi hiyo iko mbali nasi, Marekani na Uingereza. Vijana wa Kiafrika waliopanda majukwaa ya mitini usiku kucha wakinasa mbu waliokuja kuwauma hawakuwa na mtu wa kuwaandikia kama Hench alivyowaandikia akina Moran.

Kwa sababu hiyo, familia yenye mzee aliyefanya kazi Entebbe, Bwamba au katika maabara yoyote ya wakati huo isitupe karatasi zake. Barua ibaki pamoja na bahasha yake, kwa kuwa muhuri wa posta huweza kuthibitisha tarehe ambayo mwandishi aliisahau. Karatasi zisigundishwe kwa utepe wa plastiki, zisipangwe upya kwa namna inayopendeza macho, na nyuma ya kila picha yaandikwe kwa penseli majina ya waliomo wakati bado yuko anayewatambua. Mzee akiwa hai, aulizwe, na majibu yake yaandikwe pamoja na tarehe ya mahojiano. Nakala inaweza kupelekwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa au ya chuo kikuu kilicho karibu, na familia ikabaki na karatasi zenyewe ikiwa ndivyo inavyotaka.