Je, wajua kwa nini baadhi ya ujumbe wa WhatsApp huja na mishale miwili?

Katika diko la Sahare, jijini Tanga, wavuvi husoma habari za bahari kwenye simu kabla ya kushusha vyombo, na juu ya baadhi ya habari hizo huonekana mishale miwili midogo iliyofuatana. Wapo wanaoiona kuwa alama ya uongo; wengine huichukulia kuwa ithibati ya ukweli. Si hivyo wala vile.

Mishale hiyo, iliyoanza kuonekana mwaka 2019, hueleza umbali tu: kwamba ujumbe umesambazwa kwa hatua zisizopungua tano tangu utoke kwa aliyeuandika. Kinachohesabiwa ni hatua, si wasomaji. Mtu akiusambaza ujumbe katika kundi la watu mia tatu, hiyo ni hatua moja. Ilhali ujumbe uliopitishwa kimyakimya, mmoja hadi mwingine, unaweza kufika na mishale miwili hali umesomwa na watu sita pekee.

Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa siri katika simu ya mtumaji na kufunguliwa katika simu ya mpokeaji, hivyo kampuni yenyewe haiusomi. Basi hesabu huwekwa wapi? Husafiri pamoja na ujumbe, nayo ikiwa imefungwa vilevile, na huongezeka kila unaposambazwa. Kwa sababu hiyo, anayenakili maneno na kuyabandika upya huianza hesabu tena tangu mwanzo, na habari kuukuu huonekana kama imeandikwa leo.

Hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa kwetu watu wa pwani. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na tahadhari ya namna hiyo hubadilika kadiri upepo unavyobadilika. Ikinakiliwa bila tarehe, maneno hubaki yaleyale lakini wakati wake umekwisha, na mvuvi aliyelaza chombo bure mara mbili tatu huenda akaipuuza ile ya kweli.

Tangu Aprili 2020 ujumbe wenye mishale miwili husambazwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Zuio hilo haliugusi ule ulionakiliwa. Kwa ujumbe huo, mvuvi hana budi kumuuliza aliyeuleta: tahadhari hii ni ya tarehe gani? Kisha ailinganishe na utabiri wa karibuni wa Mamlaka kabla ya kutweka tanga.