Je, wajua kwa nini hedifoni nzuri husikika hafifu kwenye kompyuta?

Mtu hununua hedifoni za bei kubwa, za aina ile itumikayo studioni, akazichomeka kwenye kompyuta yake mpakato, na jambo la kwanza analolibaini ni kwamba sauti yake ni ndogo kuliko ya visikizi vya bei nafuu alivyopewa pamoja na simu. Akipandisha sauti hadi mwisho, bado hairidhishi. Akienda dukani kuulizia, huenda akaambiwa kuwa kadi ya sauti ya kompyuta yake ni dhaifu na kwamba anahitaji nyingine. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini humfanya mnunuzi alipie pia kitu ambacho tayari anacho, kwa sababu kile tunachokiita kadi ya sauti hufanya kazi mbili zilizo tofauti kabisa, na kwa kawaida ni moja tu iliyoshindwa.

Kazi ya kwanza ni kugeuza. Wimbo uliohifadhiwa kwenye kompyuta ni msururu wa namba. Katika kiwango cha CD kuna namba 44,100 kwa kila sekunde kwa sikio la kulia, na idadi hiyohiyo kwa la kushoto, kila moja ikiwa na biti 16. Namba hizo hazisikiki mpaka zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata umbo la sauti yenyewe, na kifaa kinachofanya hivyo ni kigeuzi, ambacho wauzaji na wapenzi wa muziki hukiita DAC. Kazi ya pili ni kuupa umeme huo nguvu ya kutosha kuisukuma koili ndogo iliyo ndani ya hedifoni, na hiyo ndiyo kazi ya amplifaya.

Zamani kugeuza kulikuwa shida ya kweli. Kompyuta za mezani za miaka ya 1980 nyingi ziliweza kulia milio tu, na ndiyo maana kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilipokelewa kwa shangwe na wacheza michezo ya kompyuta. Baadaye kigeuzi kiliingizwa kwenye ubao mama wenyewe, yaani bamba kuu la saketi la kompyuta, na mfumo wa Windows Vista ulipoondoa njia iliyoziruhusu kadi kuchakata sauti za michezo kwa maunzi yao, sababu kubwa ya kununua kadi ya kuchomeka ndani ya kasha ilitoweka. Leo chipu ya kawaida ya ubao mama huvuka bila taabu desibeli 96, yaani umbali kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa ambayo biti 16 zinaweza kuibeba. Kwa hiyo anayebadilisha kigeuzi peke yake, akitarajia muziki ufunguke kama dirisha, aghalabu hulipia namba zilizoandikwa kwenye boksi kuliko tofauti atakayoisikia.

Udhaifu uko kwenye nguvu, na hapa inafaa kutulia kidogo na hesabu. Kila hedifoni huja na takwimu mbili muhimu: ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, na wepesi wake wa kutoa sauti, unaoelezwa kwa desibeli kwa kila volti moja au kwa kila miliwati moja. Watu wengi huangalia ya kwanza tu. Husema hedifoni za omu 300 ni ngumu kusukuma na za omu 62 ni rahisi, kisha wanashangaa mambo yanapokuwa kinyume.

Tuchukue hedifoni mbili zinazofahamika sana. Sennheiser HD 650 ina omu 300 na hutoa desibeli 103 ikipewa volti moja. AKG K702 ina omu 62 na hutoa desibeli 105 kwa volti hiyohiyo. Tuseme tunataka vilele vya muziki, kama pale ngoma inapopigwa kwa nguvu, vifike desibeli 110 bila kukwaruza. HD 650 itahitaji volti 2.2 hivi, na kwa kuwa ukinzani wake ni mkubwa, mkondo utakaopita ni kati ya miliampea 7 na 8 tu. Nguvu yote haizidi miliwati 17. K702 itatosheka na volti 1.8, lakini itavuta karibu miliampea 29 na kula takriban miliwati 51. Ile inayodhaniwa kuwa rahisi inataka mkondo karibu mara nne na nguvu mara tatu. Ya kwanza hukwama kwenye kompyuta kwa sababu tundu la hedifoni la kompyuta mpakato mara nyingi hutoa volti moja tu, au pungufu. Ya pili hukwama kwa volti na pengine kwa mkondo vilevile. Zote zinahitaji amplifaya, ila mnunuzi aliyesoma omu peke yake asingeijua sababu, na huenda angechagua kifaa chenye volti nyingi na mkondo kiduchu.

Kwa upande mwingine, visikizi vidogo vya kuingiza sikioni, ambavyo vingi vina omu 16 hadi 32, hutosheka na sehemu ndogo tu ya volti. Kuviunganisha na amplifaya yenye ukuzaji mkubwa ni kujitafutia kero: kitufe cha sauti kikisogezwa kidogo tu tayari inapiga kelele, mwanzoni mwa mzunguko wake upande mmoja husikika zaidi ya mwingine, na kelele ndogo ya amplifaya yenyewe, ambayo isingesikika kwenye hedifoni kubwa, husikika baina ya nyimbo. Ndiyo maana amplifaya nzuri huwa na swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo au mkubwa, na swichi hiyo ina thamani kuliko taa za rangi.

Ipo takwimu ya tatu ambayo watengenezaji wengi hawaiandiki kwa uwazi, nayo ni ukinzani wa tundu lenyewe la kutolea sauti. Ukinzani wa hedifoni haubaki palepale katika masafa yote, yaani kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Ule wa HD 650, kwa mfano, hupanda sana kwenye besi, karibu na hezi 100. Tundu lenye ukinzani mkubwa huifanya hedifoni ipokee volti zaidi pale ukinzani wake unapopanda, na matokeo yake besi huvimba. Katika HD 650 tofauti hiyo hukaribia desibeli moja pale tundu linapokuwa na omu 120, na wengine huipenda. Katika visikizi vya sikioni vyenye spika kadhaa ndogo ndani yake, ambavyo ukinzani wake huyumba zaidi, sauti ya mwimbaji inaweza kubadilika waziwazi. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, hivyo kwa visikizi vya omu 16 tafuta tundu lisilozidi omu 2.

Kanuni hiyo ilienezwa sana na mhandisi mmoja aliyeandika kwa jina la NwAvGuy. Mwaka 2011 alitoa bure mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, inayoweza kutumia betri mbili za volti 9, pamoja na vipimo vyake vyote, ili kuonyesha kwamba usafi wa sauti hauhitaji bei ya kutisha. Mwaka uliofuata alinyamaza ghafla, na hadi leo jina lake halisi halijulikani hadharani. Mchoro wake umeendelea kutengenezwa na kuuzwa na watu wengine.

Sababu nyingine ya haki ya kununua kifaa cha nje ni kelele za umeme. Ndani ya kasha la kompyuta, waya mwembamba unaotoka kwenye ubao mama hadi tundu la mbele hupita jirani na kadi ya michoro na feni. Ili kujua kama una tatizo hilo, vaa hedifoni, pandisha sauti hadi juu bila kucheza chochote, kisha sogeza kipanya na ufungue kurasa kadhaa. Ukisikia mikwaruzo inayofuata mwendo wa kipanya, hamia kwanza tundu la nyuma. Huenda ukamaliza tatizo bila kutoa hata shilingi. Kwenye kompyuta mpakato, ukisikia mvumo usiokatika, chomoa chaja: mvumo huo ukikoma, kosa liko kwenye njia ya umeme. Hapa kwetu, ambako soketi ni za pini tatu lakini chaja nyingi huchomekwa kwa adapta isiyofikisha waya wa ardhi, jambo hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kadi ya nje ya USB huiondoa sauti kwenye vurugu za ndani ya kasha, lakini mvumo unaotokana na kukosekana kwa waya wa ardhi unaweza kuifuata kupitia waya wake wa USB, kwa hiyo rekebisha soketi au adapta hiyo kabla ya kununua.

Unapojaribu vifaa viwili dukani, sawazisha sauti zake kwanza. Sikio hukihukumu kilicho juu kidogo kuwa ndicho kilicho safi zaidi, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba msikilizaji haitambui kama tofauti ya ukubwa wa sauti. Muuzaji mjanja analijua hilo. Na maneno kama “7.1”, yaani sauti ya kuzunguka ya spika nane, kwenye boksi la hedifoni za michezo yasikupe pupa, hedifoni nyingi kati ya hizo zina spika mbili tu, na mengine yote ni kazi ya programu.

Kama hedifoni zako ni za Bluetooth au za USB, kadi mpya haitabadilisha chochote, maana kigeuzi na amplifaya vyake vimo ndani. Kama ni visikizi vidogo vya waya, kiungio cha Apple cha kutoka USB-C kwenda tundu la milimita 3.5, kilichotoka kikiuzwa dola 9 Marekani, kina kigeuzi na amplifaya kamili, na kinatosha. Anayerekodi uimbaji anahitaji kifaa cha studio chenye tundu la maikrofoni na umeme wake wa volti 48, kisha akague kama tundu lake la hedifoni lina nguvu, kwani mara nyingi ndilo linalobanwa bajeti. Ni mwenye hedifoni za aina ya HD 650 au K702 anayehitaji amplifaya hasa, nayo inaweza kuchukua sauti kutoka kwenye kigeuzi alichonacho tayari. Akiiunganisha, aweke sauti ya kompyuta juu kabisa, arudishe kitufe cha amplifaya kwenye sifuri kabla ya kuvaa, kisha apandishe polepole: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, desibeli 80 zinasikilizwa kwa usalama saa 40 kwa wiki, lakini kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4.