Mkimbizi mmoja, masoko mawili: Ngara ya 1994 na maoni ya wenyeji

Aprili 28, 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, na ndani ya takriban saa 24 wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walikuwa wameingia Wilaya ya Ngara mkoani Kagera, wilaya ambayo wakazi wake wote hawakufikia idadi hiyo. Benaco, mahali palipojulikana kwa kambi ya wajenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa kwa siku chache.

Sisi tunaoshughulika na uchumi wa uhamaji huulizwa sana: je, wananchi wa Kagera waliwapokea vizuri au vibaya? Jibu linategemea umemuuliza nani.

Tuanze na mwenye kibanja cha migomba. Kambini mgao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta, ilhali wengi wa waliokuja walizoea ndizi. Wakawa wanauza au kubadilisha sehemu ya mgao wapate ndizi, mihogo na mboga. Bei za vyakula visivyogawiwa zikapanda sana. Za vile vilivyogawiwa hazikupanda kwa kasi hiyo. Mwenye mkungu wa kuuza alicheka. Na alipotaka shamba lipaliliwe, vibarua walikuwa tele na kwa ujira mdogo, hivyo akaweza hata kulipanua.

Sasa mtazame aliyekuwa akimpalilia kabla ya hapo. Huyu hana ndizi za kuuza, anauza nguvu zake. Mkimbizi akilipwa ujira mdogo, watoto bado watakula jioni kwa sababu mgao upo. Mwenyeji hana mgao wowote. Ujira huo ndio chakula chote, tena cha kununua kwa bei iliyopanda. Akikataa, yuko mwingine nyuma yake atakayekubali. Wachumi Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, waliochambua takwimu za kaya za Kagera, walikuta hivyo hivyo: vibarua wa mashambani ndio walioumia zaidi, na wakulima wanaojitegemea ndio waliokuwa na nafasi nzuri ya kufaidika. Kwa hiyo kibarua aliyelalamika hakuwa na roho mbaya kuliko mwajiri wake aliyekaribisha wageni kwa mikono miwili.

Mjini hali ilikuwa na sura yake. Kwa jumla kaya za vijijini karibu na kambi ziliongeza mali, za mjini zikapungukiwa, maana wa mjini hununua chakula. Ila dereva, karani au muuguzi aliyepata ajira kwenye mashirika ya misaada alikuwa na hadithi nyingine kabisa, na zahanati aliyoiacha ilibaki na pengo.

Mfuko wa mtu mmoja mmoja hauelezi yote; hali ya hazina ya serikali nayo ina neno. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa Tanzania, wakalima, wakalipa kodi, na mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao wakakamilishiwa uraia. Ardhi ilikuwepo, na serikali ilihitaji wakulima. Waliofika 1994 walikuta serikali iliyokwisha kubana matumizi chini ya masharti ya wakopeshaji, na uchaguzi wa vyama vingi ukikaribia. Machi 1995 mpaka na Burundi ulifungwa. Desemba 1996 Wanyarwanda wakatakiwa kurudi kwao. Usalama na misitu iliyokwisha kwa kuni vilichangia, tena sana, lakini hazina tupu ilifanya kila kero ionekane kubwa zaidi. Nigeria ilipitia njia hiyo hiyo: Waghana walivutwa na neema ya mafuta miaka ya 1970, mapato yalipoporomoka wakafukuzwa kwa wingi Januari 1983.

Tafiti nyingi za Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba huko hofu ya mtu kunyang'anywa kazi yake mwenyewe huathiri maoni kidogo kuliko tulivyodhani; linalogusa zaidi ni imani yake kuhusu uchumi na huduma za nchi nzima. Kwa maoni yangu hilo halipingani na Kagera. Mfanyakazi wa London ni nadra kumjua anayeshindana naye. Kibarua wa Ngara alimwona kwenye tuta la pili, jembe mkononi.

Kuna jambo jingine lililochelewa kuonekana. Maystadt na Gilles Duranton walikuta kwamba kaya zilizokuwa jirani na kambi ziliendelea kuwa na hali bora hata baada ya wakimbizi kuondoka, hasa kwa sababu barabara zilizojengwa zilipunguza gharama za usafiri. Mwaka 1995 hakuna dodoso ambalo lingelinasa hilo. Ndiyo maana nawashauri wanaokusanya maoni kuhusu wakimbizi mkoani Kigoma waandike tarehe, kisha, kabla ya kuuliza "unawaonaje?", waulize kaya inauza nini sokoni, inanunua nini, na kama inaajiri vibarua au inaishi kwa kibarua.