Pampu mpya ya bwawa la kuogelea inapiga kelele? Usiirudishe dukani kwanza

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Mbezi Beach kanipigia simu saa moja asubuhi, salamu zenyewe hatujamaliza, ananiambia "mwanangu, hii pampu imefungwa Jumamosi tu na jirani kashagonga geti mara mbili". Ile ya zamani ilikaa kimya miaka yote mpaka ikafa, fundi aliyemfungia mpya akamwambia mama hii ni kubwa zaidi, ina nguvu, subiri itazoea. Jamani mafundi wenzangu, pampu haizoei! Ikilia siku ya kwanza, mwezi ujao italia zaidi, maana kila saa inayozunguka hivyo inajila yenyewe kwa ndani.

Mimi kazi yangu ni hii, mabwawa ya kuogelea, na ukinipa pampu mpya kumi zinazolalamikiwa kelele nitaanza kuangalia paipu kabla sijaigusa pampu yenyewe, hasa upande wa kuvuta, yaani kuanzia bwawani mpaka kwenye mdomo wa pampu. Watu wanakimbilia dukani kubadilisha, wanapewa nyingine, wanafunga palepale, kelele ileile, halafu wanasema hiyo kampuni ni feki.

Cha kwanza ni kusikiliza ni kelele ya aina gani. Kama ni mlio mwembamba kama mluzi na unatoka nyuma kwenye mota, hizo ni beringi. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse bodi ya mota, mpini weka sikioni, utasikia kabisa (angalia tu isikaribie feni ya nyuma). Pampu mpya haitakiwi kulia hivyo, ila kama iliwashwa ikiwa kavu bila kujazwa maji, sili, ile raba inayozuia maji yasipite, inaungua, maji yanafuata shafti mpaka yanaingia kwenye beringi. Kama inaunguruma tu haizunguki, zima haraka, hapo ni kapasita (inayosaidia mota kuanza kuzunguka) au umeme mdogo au kuna kipande cha plastiki kimekwama kwenye impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, maana mafundi wengi wakikata paipu hawasafishi yale machicha. Kama ni ya fezi tatu angalia isije ikawa inazunguka kinyume.

Sasa kelele yenyewe ninayokutana nayo sana ni ile ya kokoto, kama mtu anatikisa changarawe kwenye kopo la rangi. Hiyo ni pampu yenye kiu. Impela inataka maji mengi kuliko yanayofika, presha pale katikati yake inashuka mpaka maji yanachemka yakiwa ya baridi vilevile, vinatokea viputo vya mvuke, vikisogea kwenye presha kubwa vinabonyea ghafla na kila kimoja kinagonga impela kama kinyundo kidogo. Niliwahi kufungua pampu iliyoishi hivyo muda mrefu, impela ilikuwa na vitobo kama punje ya mahindi iliyoingiwa na dumuzi.

Kwa mama nilipofika nikasikia kokoto tangu getini. Nikafanya jaribio langu moja ambalo hata wewe unaweza: shika ile valvu ya upande wa kusukuma, yaani ya maji yanayorudi bwawani, ifunge taratibu kidogo tu, usiifunge yote. Kelele ikapungua palepale. Ukiona hivyo ujue pampu inavuta kuliko paipu inavyoweza kuleta, maana umeipunguzia kazi na kiu imepungua. Ila usiache hivyo kama ndio dawa, utakuwa unalipia umeme wa kupambana na valvu.

Hesabu yake haina uchawi. Pampu mpya ilikuwa inasukuma kama kyubiki mita 15 kwa saa, na ilikuwa inavuta kwenye paipu moja ya milimita 50, ambayo ndani ina kama 45. Hapo maji yanakimbia mita 2.6 kwa sekunde. Upande wa kuvuta sisi hatutaki yazidi kama mita 1.8. Pampu hiyohiyo kwenye paipu ya milimita 63 inakuja kama 1.6, inatulia. Na bwawa lenyewe ni la kyubiki mita 60, ukilizungusha kwa saa sita unahitaji 10 tu kwa saa, kwa hiyo hata huo ukubwa haukuwa na sababu.

Lingine, fundi alibananisha elbo mbili palepale kwenye mdomo wa pampu ili ienee kwenye kichumba cha pampu. Maji yakitoka kwenye kona yanaingia yanajipindapinda, impela inapata upande mmoja zaidi ya mwingine. Acha paipu iliyonyooka angalau mara tano ya upana wake, kwa ya 63 ni kama sentimita 30 na kidogo.

Hewa pia usiisahau. Angalia kifuniko cha uwazi cha pampu ikiwa inafanya kazi, ukiona viputo vinazunguka humo kuna mahali inavuta hewa, mara nyingi ni oringi (raba ya duara) ya kifuniko au yunioni (maungio ya paipu yanayofunguka). Paka povu la kunyolea kwenye maungio, linapofyonzwa ndio hapo.

Nikafuata paipu mpaka bwawani nikakuta kumbe laini ni mbili, ya skima (mdomo wa pembeni unaofyonza maji ya juu) na ya chini ya bwawa, ila ya skima ilikuwa imefungwa na yote inavutwa kupitia tundu moja la chini. Hapa nilikasirika kweli, tena sio kwa ajili ya kelele. Pampu kubwa inayovuta tundu moja inaweza kumng'ang'ania mtoto nywele au mwili akashindwa kutoka. Marekani walipitisha sheria nzima mwaka 2007 kuhusu vifuniko vya matundu haya baada ya binti wa miaka 7 kufa hivyo. Nikamwambia mama wajukuu wasiingie majini mpaka nimalize, akaita dada wa nyumbani afunge geti dogo la bwawa saa ileile.

Tukafungua laini zote mbili, kwa hiyo kila moja inabeba nusu. Pale zinapokutana nikakata ile ya 50 nikaweka ya 63, elbo moja nikaisogeza mbali, na kifuniko cha tundu la chini nikabadilisha, kikawekwa kile kilichobinuka ambacho mwili hauwezi kukiziba. Gundi tukaiachia mpaka kesho yake, na chini ya pampu nikaweka kipande cha mpira mnene maana ilikuwa imekaa juu ya matofali mawili na mabati ya kichumba yalikuwa yanaitikia kila mtetemo. Asubuhi nimewasha, mama kasimama mlangoni ananiuliza "bado hujawasha?"

Kesho naenda tena kuangalia sili, maana zile siku za mwanzo iliteseka na naogopa isije ikaanza kudondosha maji kwenye beringi.