Cream haikuvunjika kwa kukosa mashabiki
Kwenye baraza za Mombasa, wapenzi wa gitaa husema bendi ya roki ya Cream ilisambaratika mwaka 1968 kwa kukosa soko. Sivyo kabisa! Mwaka huohuo albamu yao, Wheels of Fire, ilishika nambari moja Marekani.

Kilichowavunja ni ugomvi. Mpiga besi Jack Bruce na mpiga dramu Ginger Baker walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu bendi yao ya awali, na Eric Clapton, mpiga gitaa, akabanwa katikati. Jukwaani sauti ilikuwa kubwa kupita kiasi. Clapton amewahi kusimulia kwamba aliacha kupiga katikati ya onyesho, wenzake wasitambue!

Waliagana London, Novemba 1968. Baadaye Baker alipiga na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, akafungua studio Lagos.