Shimo la Mkunazini si gereza la watumwa

Mgeni anafika Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, anachungulia shimoni kando ya Kanisa Kuu la Kianglikana, anauliza: "Humu ndimo watumwa walimokuwa wakifungiwa?" Siyo. Shimo ni sehemu ya sanamu ya kumbukumbu ya watumwa, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Watu watano wa zege, shingoni pingu za chuma na mnyororo unaowaunganisha. Wapo chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo unawatazama kwa juu, pale ambapo mnunuzi angesimama. Zunguka pande zote nne kabla ya kupiga picha. Kutoka upande mmoja nyuso nyingine huzioni.

Soko la watumwa lililokuwa hapa lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo. Mti wa viboko, walipofungwa watumwa wakichapwa, kwa masimulizi ya kanisa, ulikuwa penye altare: tafuta duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungushiwa nyekundu.

Kuhusu vile vyumba vya chini vyenye minyororo wanavyoonyeshwa wageni hapohapo, hapo ndipo wengi wanapotia chumvi. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari kuwa hospitali, soko likiwa limeshafungwa, na wapo wanahistoria wanaokataa kwamba ni mahabusu ya soko. Akikueleza mtu kwa uhakika mno idadi ya waliolala humo, muulize jengo lilijengwa lini.

Chumba cha kufichia watumwa kipo Mangapwani, kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji, kimechongwa kwenye jiwe la matumbawe. Kilitumika biashara ilipokuwa ya magendo. Usikichanganye na pango la Mangapwani, ambalo ni la asili na lina maji baridi ndani. Mwambie dereva unataka vyote viwili, la sivyo atakushusha kimoja.

Ngome Kongwe ni ya Wareno? Waomani ndio walioijenga baada ya kuwafukuza Wareno. Cha Wareno kilikuwa kanisa dogo mahali hapohapo.

Livingstone, mmisionari Mskoti aliyepinga biashara ya watumwa, hakuzikwa Unguja. Kilichomo kanisani ni msalaba wa mbao ya mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wake. Mwili upo Westminster Abbey, London.

Na misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe, eti ya kuzuia ndovu! Desturi hiyo ni ya India. Hapa ni pambo la mwenye nyumba kujionesha, na ndovu gani angepita kichochoro cha Hurumzi?