Dhana potofu kuhusu lakenalia, tunguu la majira ya baridi

Lakenalia ni mmea wa maua unaoota kutoka kwenye tunguu, yaani kiungo kinene cha chini ya udongo kinachohifadhi chakula, kama kitunguu. Kwao ni Afrika Kusini na Namibia, hasa jimbo la Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi hukauka kabisa. Ukiisahau ratiba hiyo, utalipoteza tunguu.

Dhana: Majani yakigeuka manjano, ongeza maji.
Ukweli: Kosa hili huua kuliko baridi. Baada ya maua, tunguu huvuta chakula kutoka kwenye majani, kisha majani na mizizi hufa. Tunguu lisilo na mizizi halinywi. Maji yakituama kwenye udongo wenye joto, ukungu hushambulia kitako chake na kuliozesha. Majani yakianza kubadilika rangi, punguza maji. Yakikauka, acha kabisa. Weka chungu mahali pakavu penye kivuli hadi msimu ujao wa kupanda: Machi na Aprili kusini mwa ikweta, Agosti na Septemba kaskazini. Tafadhali usikate majani mabichi, maana ndiyo yanayolisha maua ya mwakani.

Dhana: Lazima tunguu likae kwenye friji kwanza kabla ya kupandwa.
Ukweli: Hiyo ni kwa tulipu, ua jingine la tunguu. Lakenalia hupumzika kwenye joto, hukua kwenye ubaridi wa wastani, na haivumilii jalidi (baridi ya kugandisha).

Dhana: Samadi nyingi, maua mengi.
Ukweli: Samadi huleta majani manene na uozo. Changanya mchanga wa chembe kubwa na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Chungu cha sentimita 15 kinatosha matunguu matano, yakipandwa kina cha sentimita 2 hadi 3. Mwagilia vizuri mara moja, kisha subiri chipukizi kabla ya kuendelea. Baadaye tumia mbolea yenye potasiamu nyingi, nusu ya kipimo, kila wiki mbili hadi vitumba vionekane.

Dhana: Mmea wa baridi hupenda kivuli.
Ukweli: Hutaka jua la saa kadhaa kila siku. Chumba chenye joto na mwanga hafifu hurefusha majani yakalegea, na shina la maua likaanguka.

Dhana: Madoa kwenye majani ni ugonjwa.
Ukweli: Spishi nyingi huzaliwa na madoa ya zambarau au kahawia. Cha kuogopa ni michirizi ya manjano na majani kujikunja, dalili za virusi vinavyoenezwa na vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea). Havina dawa: ng'oa mmea, uutupe pamoja na udongo wake, na usitumie matunguu yake machanga kama mbegu.